Kifua Kinalia Mukuru, Jina la Ugonjwa Liko Buruburu

Kifua cha mtoto wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kina uwezekano mkubwa wa kulia filimbi kuliko cha mwenzake wa Buruburu, mtaa jirani wenye nafuu. Lakini ukimtafuta mtoto ambaye daktari ameshaketi na mzazi wake akamwambia bayana kwamba hii ni pumu, nenda Buruburu. Huko utampata upesi zaidi.

Hizi si porojo za kwenye matatu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakiwemo Dkt Hellen Meme na Dkt Evans Amukoye, walishirikiana na wenzao wa Liverpool na Glasgow kuwachunguza wanafunzi 2,373 wa mitaa hii miwili jirani katika mradi uliopewa jina Tupumue, na matokeo yakachapishwa katika jarida la kitabibu la Thorax. Mukuru, asilimia 9.5 ya watoto vifua vyao vilikuwa vimelia filimbi ndani ya mwaka uliotangulia. Buruburu, asilimia 6.4. Waliosema hupata shida ya kupumua walikuwa asilimia 16.3 Mukuru na 12.6 Buruburu. Halafu hesabu ikapinduka. Waliokwisha kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa asilimia 2.8 Buruburu, na 1.2 tu Mukuru. Na watoto walipopuliza kwenye spiromita, kifaa cha kupima mapafu, matokeo ya mitaa hiyo miwili hayakutofautiana.

Nikizisoma takwimu hizo naona foleni. Kati ya kifua kinacholia usiku na karatasi yenye jina la ugonjwa kuna kemisti wa kona, zahanati ya mtaa, chumba cha ngozi, chumba cha masikio, pua na koo, na ni wachache mno wanaofika mwisho wa mstari. Madaktari waliosomea mzio hasa wanahesabika nchini, na wengi wao wako katika hospitali za upande ule mwingine wa jiji. Kwa hivyo mzazi wa Kayole au Dandora akisema kesho anampeleka mtoto kliniki ya aleji, mara nyingi ana maana ya kliniki ya watoto ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, au kliniki ya kibinafsi ambako mtaalamu hupita siku maalumu, au Mama Lucy ikiwa amepata nafasi ya kumwona daktari wa watoto. Na hiyo ni hatua. Kabla Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kufunguliwa mwaka 2011, familia ya Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, iliyohitaji hospitali kubwa ya umma ilivuka mji mzima, mtoto mgongoni, ikashuka gari moja na kupanda jingine.

Mambo mara nyingi huanza kwenye ngozi. Mtoto wa miezi michache anakosa usingizi, anajisugua mashavu kwenye bega la mamake, anajikuna hadi kitambaa cha mto kinatoka madoa ya damu. Picha nyingi za ukurutu katika vitabu vya udaktari zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, wekundu ukiwaka. Kwa watoto wetu wekundu huo hauonekani vizuri. Ngozi huwa nyeusi zaidi au hupauka kijivu, vipele vidogo vikajaa, na mikunjo ya viwiko na ya nyuma ya magoti ikaparuza kama msasa. Mama akienda na picha ya simu aliyoitoa mtandaoni, atarudi akisema huu wa mwanangu si ule.

Halafu kila mtu ana neno. Nyanya anasema ni joto, mtoto amefunikwa sana. Jirani wa mlango wa pili anasema ni maziwa ya mama, aache kula pilipili na maembe. Kemisti haulizi mengi; anatoa tyubu ya krimu, na krimu inafanya kazi. Ndani ya siku chache ngozi inalainika, mama anashukuru, tyubu inaisha, na vipele vinarudi vikali kuliko mwanzo. Steroidi iliyomo humo ni dawa nzuri ikitumiwa kwa kipimo, kwa siku zilizosemwa, na ile kali isipakwe usoni mwa mtoto mchanga. Lakini tyubu iliyouzwa bila maelezo hugeuka mafuta ya kila siku. Nimesikia akina mama wakiisifu kwa kung'arisha ngozi. Hapo mtu aogope, kwa sababu kung'ara huko ni ngozi inayokonda.

Jambo ambalo kemisti angeweza kulisema bure ni kwamba sabuni ya kipande, ile ya kufulia, humaliza mafuta ya ngozi ya mtoto. Mama amwogeshe mtoto kwa muda mfupi kwa maji ya vuguvugu, amkaushe kwa kumgusagusa tu bila kumsugua, kisha ampake mafuta mazito yasiyo na manukato mwili ukiwa bado una unyevu. Ushauri huo hauna faida dukani, labda ndiyo maana haupatikani kaunta.

Si kila kipele ni mzio, na wazazi wa Nairobi wana sababu ya pekee ya kuchanganyikiwa. Mvua kubwa zikishanyesha, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly huingia majumbani akifuata taa. Haumi wala hadungi. Mtoto akimponda shingoni usingizini, sumu yake huichoma ngozi, na asubuhi kuna mstari wa malengelenge. Huo ni mchomo, hauhusiani na mzio hata kidogo, na dawa yake ya kwanza ni maji na sabuni.

Kutoka kwenye ngozi, kwa watoto kadhaa, mambo hupanda. Madaktari wameuona mfuatano huu kwa miaka mingi: ukurutu wa uchangani, pengine mzio wa chakula, kisha pua inayochuruzika na macho yanayowasha, kisha pumu. Si lazima mtoto apite vituo vyote. Lakini mtaani kila kituo hutibiwa peke yake, na mtu tofauti, kwa daftari tofauti la kliniki, kama kwamba ni watoto wanne.

Kifua ndicho kinachokosewa zaidi, na sababu yake inaeleweka. Katika zahanati, muuguzi hufundishwa kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, huhesabiwa anapumua kwa kasi, na kasi hiyo ni dalili ya nimonia. Kanuni hiyo ya Shirika la Afya Duniani imeokoa watoto wengi, maana nimonia huua, na huua haraka. Tatizo ni kwamba mtoto mwenye pumu naye hupumua kwa kasi. Basi anapewa antibiotiki, anapata nafuu baada ya siku chache kwa sababu shambulio lingepita lenyewe, na kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Mwezi wa nne nimonia, mwezi wa saba nimonia, mwezi wa kumi na moja nimonia. Mimi simlaumu sista aliye na benchi limejaa watoto na hana mtu wa kumsaidia. Ila mtoto anayepata nimonia kila msimu wa baridi na wa mvua, bila homa kubwa, na anayecheka na kula siku mbili baadaye, anastahili kuulizwa swali jingine.

Kwa mpwa wangu wa Donholm swali hilo liliulizwa na afisa wa kliniki kijana ambaye familia ilimchukulia kuwa hana uzoefu. Daftari la mtoto lilikuwa limejaa dawa za maji za kila rangi kutoka kituo cha afya tulichokizoea. Yule kijana hakulisoma daftari kwanza. Alimtazama dada yangu akipangusa pua kwa leso, akamwuliza kama chafya hizo ni za leo au ni za kila asubuhi. Ni za kila asubuhi tangu akiwa msichana. Akauliza kuhusu baba: alikuwa na pumu alipokuwa shule ya bweni, akaacha kuisema kwa aibu. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne, na hakuna aliyewahi kuwauliza wazazi wake juu ya miili yao wenyewe.

Aibu hiyo ni kubwa kuliko tunavyokiri. Pumu kwa wengi bado ni ugonjwa wa kuficha, hasa kwa msichana, na inhela ni alama ya kwamba mambo yamefika mwisho. Utasikia mzazi akisema hataki mtoto aizoee. Basi anapewa vidonge na dawa za maji zinazomtetemesha mikono, ilhali inhela hupeleka dawa kidogo moja kwa moja kwenye mirija ya pumzi. Wako pia wanaompeleka mtoto akatwe kilimi, wakiamini ndicho kinachomtekenya koo akakohoa. Desturi hiyo haijaisha, hata mjini, na mtoto aliyekatwa kwa wembe hurudi na kikohozi kilekile na juu yake hatari ya kutokwa damu na kuambukizwa. Wenye pesa zaidi kidogo wana kilimi chao: adenoidi, zile nyama za nyuma ya pua. Siku hizi ukikaa na wazazi wa Komarock au Fedha, mtoto akikoroma tu neno hilo linatajwa. Ni kweli nyama hizo zikivimba huziba njia, na wako watoto ambao upasuaji umewarudishia usingizi. Lakini pua ya mzio huziba pia, nayo mara nyingi hutulizwa na dawa ya kupuliza inayotumiwa kila siku kwa wiki kadhaa. Mzazi anayo haki ya kuuliza kama hilo limejaribiwa kabla ya kisu.

Sasa tuseme familia imefika. Kipimo kinachozungumzwa zaidi ni kile cha kudunga ngozi. Mtoto ananyoosha mkono juu ya meza, kiganja kikitazama dari. Muuguzi anachora alama kwa kalamu ya wino kuanzia karibu na kiwiko hadi kifundo, kisha kando ya kila alama anadondosha tone la maji yenye kitu kimoja: utitiri wa vumbi, mende, manyoya ya paka, chavua ya nyasi, kuvu, yai, karanga. Matone mawili ni ya kulinganishia. Moja lina histamini, ambayo lazima ivimbe. Jingine ni maji ya chumvi, ambayo hayapaswi kuvimba. Kisha kila tone linadungwa kwa ncha ndogo, kidogo tu, bila damu. Kinachowaliza watoto ni kuambiwa wasijikune kwa dakika 15 hadi 20 wakati mkono unawasha. Mama hushika vidole, huimba, hutoa simu. Baadaye vivimbe vinapimwa kwa rula. Kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi kinaandikwa.

Na hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Kipimo hicho hakisomeki ikiwa mtoto amemeza dawa za kuzuia mzio siku chache kabla. Dawa hizo zimejaa kila nyumba. Piriton iko kwenye kabati la kila mama wa Eastlands, karibu na chumvi. Mtoto alianza kuwashwa jana usiku, mama akampa kijiko, wakaamka alfajiri, wakapanda gari, wakalipa, na alama ya histamini ikakataa kuvimba. Wanarudishwa nyumbani na tarehe mpya. Nauli imekwenda, siku ya kibarua imekwenda, na kosa ni la aliyewapa miadi bila kuwaeleza.

Kuna pia zile karatasi za maabara zenye orodha ndefu ya vyakula vyenye rangi nyekundu, njano na kijani. Damu yenye kingamwili za mzio dhidi ya maziwa au mayai haimaanishi kwamba mtoto huyo hudhurika akila maziwa au mayai. Maana ya matokeo hutoka kwenye historia ya mtoto mwenyewe. Vipo hata vipimo vinavyouzwa ambavyo hupima kingamwili za aina nyingine kabisa, ambazo kila mtu huwa nazo dhidi ya chakula alichozoea kula. Mama anaisoma karatasi, anaondoa maziwa, mayai, ngano, samaki na maharagwe kwa siku moja, na mtoto anabaki na ugali na sukuma wiki. Ngozi haiponi, na uzito unashuka.

Chakula chenyewe mtaani kwetu kina utata ambao vitabu vya ng'ambo havina habari nao. Chukua unga wa uji. Kwenye mashine ya kusaga, mama anachagua kwenye magunia: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, na kiganja cha omena waliokaushwa kwa ajili ya nguvu. Vyote vinasagwa pamoja, tena kwenye mashine iliyotangulia kusaga vya mwingine. Mtoto wa miezi 7 akitapika na kuvimba midomo baada ya uji huo, nani atajua ni karanga, ni soya au ni samaki? Daktari makini humwambia mama arudi nyuma: kila kitu kisagwe peke yake, kiongezwe kimoja kimoja, na siku kadhaa zipite kati ya kimoja na kingine. Lakini asikimbilie kumnyima karanga mtoto ambaye hajaonyesha tatizo lolote. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Profesa Gideon Lack, uliwafuata watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio huo. Walipofika miaka mitano, asilimia 17.2 ya walionyimwa karanga walikuwa na mzio wake, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliolishwa tangu uchanga. Nyanya zetu waliokuwa wakitia karanga iliyopondwa kwenye uji walikuwa wametangulia.

Mzio mkali wa chakula ukitokea, pumzi ikikata na mwili ukilegea, dawa ni adrenalini inayodungwa msuli wa paja, mara moja. Zile kalamu za adrenalini ambazo wazazi wa Ulaya hutembea nazo mkobani ni adimu hapa. Chupa za kawaida za adrenalini zipo kwenye vituo vya afya, kwa hivyo mpango wa familia ya Eastlands ni kujua kituo kilicho karibu kinachofunguliwa usiku, na kuwa na namba ya boda anayepokea simu saa nane za usiku. Na mtoto asipewe Piriton halafu watu wangoje waone.

Kwa wengi, hata hivyo, majibu ya kile kipimo cha mkononi hutaja vitu viwili: utitiri wa vumbi na mende. Na ushauri unaofuata umeandikwa kwa nyumba nyingine. Ondoa zulia. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Funika godoro kwa kifuniko maalumu. Mtoto alale chumba chake. Mama anaitikia, anatia karatasi mkobani, anarudi Pipeline kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo watu watano wanalala, dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine, na maji yanapanda kwa mitungi ya lita 20. Kuchemsha maji ya mashuka kwa meko ni kumaliza gesi ya wiki. Ploti nyingi za huko zina orofa saba au nane, na jua halijui ghorofa ya pili.

Nimewaona watu wakitafsiri ushauri huo kwa akili ya mtaa. Ule mfuko mzito wa nailoni ambao godoro jipya huja nao hautupwi. Unabaki, kingo zake zinafungwa kwa gundi ya karatasi, na utitiri uliomo ndani haupati njia. Blanketi za mitumba kutoka soko la Gikomba hazilaliwi kabla ya kufuliwa na kuanikwa juani siku nzima. Kamba za juu ya paa huwekewa zamu, na mwangalizi wa ploti akiwa mtu mwema huwapa wenye watoto wa kifua siku ya Jumamosi. Mtoto huwekwa upande wa kitanda ulio mbali na pazia linalogawa chumba, maana pazia ndilo huhifadhi vumbi.

Mende ni kesi nyingine. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 1997 juu ya watoto wenye pumu katika mitaa maskini ya miji mikubwa ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa na mzio wa mende, na wale kati yao walioishi na mende wengi vyumbani ndio waliolazwa mara nyingi zaidi. Kinachodhuru ni kinyesi chake, mate yake na magamba yanayogeuka vumbi. Huwezi kumaliza mende wa nyumba moja katika jengo la nyumba themanini. Ukipuliza wako wanahamia kwa jirani, na jirani akipuliza wanarudi. Ile dawa ya kupuliza yenyewe huwasha kifua cha mtoto. Jeli ya sumu inayotiwa kwenye nyufa ni salama zaidi, na hufaa jengo zima likitiwa siku moja, kwa amri ya mwenye nyumba. Kwa hiyo sehemu ya dawa ya mtoto huyu imo mikononi mwa landilodi, na hakuna daktari anayeweza kumwandikia landilodi dawa.

Wala hakuna anayeweza kuliandikia dampo la Dandora. Dampo hilo limekuwapo tangu miaka ya 1970 na lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao hapahapa Gigiri, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu nalo: takriban nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichotia wasiwasi, na magonjwa ya njia ya hewa yalikuwa mengi. Mwaka 2021 mahakama iliagiza dampo lihamishwe. Malori yangali yanamwaga. Moshi unaotoka humo si mzio kwa maana ya kitabibu, lakini mirija iliyokwisha kuvimba kwa mzio ikikutana nao hujifunga, na mama wa Korogocho anajua kwa mwelekeo wa upepo usiku upi hatalala.

Turudi kwenye kitu ambacho mzazi anaweza kukifanya kwa mkono wake. Inhela ikipulizwa moja kwa moja mdomoni mwa mtoto mdogo, dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Inahitaji chombo cha katikati, na kile cha dukani si rahisi kwa bei. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kujaribu chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500 kwa watoto walioshikwa na pumu, na ikafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Chupa huoshwa, hukaushwa. Waya hukunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, hupashwa moto, kisha hutoboa tundu kwenye kitako cha chupa. Inhela huingizwa humo ikakaza, na gundi hupakwa pande zote hewa isipenye. Mtoto huweka mdomo pale pa kunywea soda, mzazi hubonyeza mara moja, mtoto huvuta na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa. Ukibonyeza mara tano mfululizo kwa hofu unapoteza dawa. Sista akiionyesha mara moja benchini, wanawake kumi wanaondoka wakijua.

Shuleni chupa hiyo huleta vichekesho, na walimu wengine huifungia inhela ofisini pamoja na simu zilizokamatwa. Kuna mwalimu mkuu atakayekuambia kanuni hairuhusu mtoto kukaa na dawa. Mpelekee barua ya daktari, na umwombe mwalimu wa darasa, kwa heshima, akae na inhela kwenye dawati lake. Ofisi ina kufuli na mwenye ufunguo huenda yuko mkutanoni. Na kwa siku ya kliniki, beba video. Kifua cha saa tisa usiku huwa kimenyamaza saa nne asubuhi mbele ya daktari; sekunde thelathini za simu, nguo ya mtoto ikiwa imepandishwa mbavu zikaonekana zikivutwa ndani, humaliza mabishano mengi.

Limebaki suala la pesa, na hapa mpango wenyewe umekaa kichwa chini. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, na huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Mtoto akilemewa na kulazwa, bima huingia. Lakini kumwona mtaalamu bila kulazwa katika hospitali kubwa, pamoja na vipimo, kwa sehemu kubwa ni mfuko wa mzazi. Ile inhela ya samawati ya kufungua kifua hupatikana. Ile ya kahawia, ya steroidi, inayotumiwa kila siku mtoto akiwa mzima ili asifike kulazwa, ndiyo mzazi huambiwa mara kwa mara kwamba haipo, kanunue nje. Wizara ingeanza na hiyo ya kahawia, katika kila kituo cha afya kuanzia Mathare hadi Mukuru kwa Njenga, kabla ya kuota kliniki mpya.

Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na akina mama kwenye makundi yao ya WhatsApp. Mmoja huandika kwamba ameiona ya kahawia kwenye kemisti fulani karibu na stendi, bei imeshuka, zimebaki chache. Wa pili anauliza kama ni ya kipimo cha watoto. Wa tatu, ambaye yuko kazini Industrial Area hadi jioni, anatuma pesa kwa M-Pesa anunuliwe moja.